Pistoni ya Papa Mbombo

Watu wengi wa mtaa wetu wa Kikula watakwambia wanaijua habari hii. Waongo. Wao walisikia. Mimi nilikaa na Floribert ukuta kwa ukuta miaka kumi na moja, na moshi wa ile pikipiki niliuonja kwa ulimi wangu mwenyewe. Basi nisikilize mimi, wale wengine waache wauze nyanya zao.

Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa saba, mwaka wa tisini na tatu, asubuhi ya baridi kama zilivyo zote za kiangazi pale Likasi, baridi ya kumfanya mtu avae koti la marehemu babake bila aibu. Floribert alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele ya mlango wake, anasafisha silinda kwa kitambaa na petroli. Mkewe Bibiane alikuwa anachekecha unga wa mahindi, tumbo la miezi saba limemtangulia kama mtu aliyebeba beseni. Kuku wawili waligombea kiwavi. Kanisa la wokovu la jirani lilikuwa limeanza ngoma zake mapema. Siku ya kawaida kabisa. Hata mimi, mwenye jicho la kuona mambo kabla hayajafika, sikuona kitu.

Pikipiki yenyewe ilisimama nyuma yake juu ya matofali, injini wazi. Ilikuwa Jawa ya Wacheki, ya miaka ya hamsini, nyekundu ya divai, silinda moja na mabomba mawili ya moshi, moja kila upande. Ukitaka kuiwasha unaisukuma pedali ya gia kwa ndani, unaiinua, na pedali ileile inageuka kuwa kiki. Mwizi asingejua. Mimi nilijua, na niliwahi kuiwasha mara ya kwanza tu nilipoigusa, ila hiyo ni hadithi nyingine.

Haikuwa ya Floribert. Ilikuwa ya Papa Octave Mbombo, mzee aliyechonga vyuma miaka thelathini kiwandani Shituru, na jioni zake akafundisha vijana ufundi wa injini uwanjani kwake, ng'ambo ya barabara yetu. Floribert alikuwa mwanafunzi wake wa kwanza na kipenzi chake. Aliingia pale hajui kutofautisha spana ya kumi na ya kumi na tatu. Alitoka anaweza kusikia ugonjwa wa injini hata akiwa amelala.

Papa Mbombo alikuwa mtu wa Kasai. Yaani babake alitoka Kasai. Yeye mwenyewe alizaliwa Likasi, akabatizwa Likasi, akamzika mamake Likasi. Mwaka ule wa ubaya hayo hayakumsaidia. Watu wa Kasai waliambiwa warudi kwao. Vijana walipita na mawe na makopo ya petroli, nyumba kwa nyumba, nasi majirani tukafunga madirisha. Wote. Na mimi nilifunga. Waliofukuzwa wakajazana stesheni kungoja treni, wiki, halafu miezi, chini ya plastiki na mabati, maelfu ya watu na bomba moja la maji.

Siku aliyotoka kwake, Papa Mbombo alivuka barabara akiisukuma Jawa. Alikuwa ameifungua kabla ya mambo kuharibika. Pistoni ya zamani ilikuwa imelika, na silinda alikwisha kuichonga ienee pistoni mpya, aliyoitunza miaka mingi katika karatasi ya nta pamoja na pete zake. Silinda alimwachia Floribert. Pistoni aliitia mfukoni.

"Maître, juu ya nini unabeba hii chuma?" Floribert aliuliza. "Iko uzito bure."

"Hii njo mukate yangu kule. Nikikosa chakula, nitauzisha." Mzee akamgonga kichwani kwa kidole, kama alivyomgonga akiwa kijana. "Na nikirudia, tutafunga injini pamoja. Kichwa yako ingali inasahau mambo."

Sasa lazima ujue Floribert alitaka nini, maana mtu haingii shimoni bila kufuata kitu. Alitaka mtoto. Mtaani kwetu kila mwanamume wa miaka arobaini alikuwa Papa wa fulani. Yeye alikuwa Flori tu, na wanawake wa bombani walikuwa na nyimbo zao. Bibiane alikwisha kuzaa mara mbili, na mara mbili mtoto alifia njiani, kwenye kigari cha mikono, mume anasukuma na mke anauma kitambaa, kwa sababu magari ya Likasi wakati ule yalikuwa yamelala juu ya mawe. Mara ya pili waliuona ukuta wa hospitali. Mtoto alilia mara moja, akanyamaza.

"Huyu wa tatu," Floribert aliniambia, "atafika na moto chini yake."

Kwa hiyo ile Jawa kwake haikuwa pikipiki. Ilikuwa mtoto. Na ilikosa kitu kimoja tu.

Saa sita mchana Jumamosi hiyohiyo, Mama Clémentine, mke wa Mbombo, akatokea kwenye ua, kajifunika kitenge mpaka machoni. Alikuwa ametembea kwa miguu kutoka stesheni, kati ya watu ambao wangemtambua wangemvunja.

"Flori, mwanangu. Providence anachomeka."

Providence alikuwa mjukuu wao, wa miaka minne. Wazazi wake walikuwa wametangulia na treni ya kwanza. Yeye alibaki na wazee.

"Siku tatu sasa, homa. Tunajua Bibiane iko na kinini ya mimba yake. Mzee anasema, leta kinini, chukua pistoni. Anasema pistoni haiko kintu mbele ya mutoto."

Floribert akajifuta mikono taratibu. "Mama, rudia kule stesheni. Ninakuya."

Kinini kweli ilikuwapo. Vidonge kumi, ndani ya kichupa chini ya mto wa Bibiane. Floribert, kama alivyokuja kuniambia mwenyewe baadaye, aliingia chumbani, akainua mto, akakitazama kichupa. Akaushusha mto. Kisha akapanda juu ya kigoda, akateremsha kopo la marehemu babake kutoka kenchini. Ndani mlikuwa na vidonge vya tumbo vya zamani, vyeupe, vya duara. Akahesabu kumi, akavifunga katika karatasi ya daftari.

Bibiane alikuwa uani. Hakumwona.

Stesheni ilinuka choo na makaa. Papa Mbombo alikuwa amekaa juu ya sanduku, mtoto kalala mapajani. Floribert alimkuta mzee amekonda hata kola ya shati ilikuwa kama shimo shingoni. Wakasalimiana kwa mikono miwili. Clémentine akaleta maji kwenye kifuniko, akamwinua mtoto kichwa, akamtia kidonge kimoja mdomoni. Kiliyeyuka kidogo ulimini. Mtoto akameza, akalamba midomo.

Hakukunja uso.

Clémentine alilamba unga uliobaki kidoleni. Akamtazama Floribert. "Kinini gani hii? Haiko na uchungu."

"Ni ya sasa, Mama. Ya Bazungu. Batoto bananywa bila kulia."

Mbombo alimtazama Floribert machoni, muda wa mtu kuhesabu meno ya gia moja mpaka mwisho. Kisha akaingiza mkono mfukoni, akatoa karatasi ya nta, akaiweka katika kiganja cha mwanafunzi wake na kukifunga kwa vidole vyake mwenyewe. Vidole vilikuwa vya moto.

"Flori. Nilikufundisha kila kintu?"

"Kila kintu, Maître."

"Basi ukifunga, mwenye injini apulize. Usisahau hiyo."

Hapa nieleze, maana ufundi huu hauko katika kitabu. Katika gereji ya Mbombo, injini ikishafungwa, kabla ya kutia buji, ile plagi ya cheche, yule mwenye mali huinama, huweka mdomo kwenye tundu la buji na kupuliza mara moja. Wengine walisema ni kutoa vumbi. Mbombo alisema ni ili injini ijue inamfanyia nani kazi. Fundi hakupuliza kamwe. Nilimwona Mbombo akimrudisha mteja mmoja Kambove kwa miguu, kilomita ishirini na zaidi, eti kwa sababu alimtuma shemeji yake aje apulize badala yake. "Injini inakula pumzi ya kwanza," alisema. "Ikiwa si ya mwenyewe, inaendelea kula."

Providence alikufa Jumatatu. Walimzika kando ya reli, kule wanakogeuzia vichwa vya treni, pamoja na watoto wengine. Jumatano treni ikaja, ikawachukua.

Habari ilimkuta Floribert sokoni. Mwanamke wa makaa ndiye aliyemwambia.

"Ah," Floribert akasema. "Pole yabo." Akachagua makaa makubwa makubwa, akaweka kando madogo, maana alihitaji moto mkali.

Alhamisi aliiunga injini. Alitia pistoni katika sufuria ya bukari, ugali wetu, akaichemsha, kwa sababu pini ya pistoni ya Jawa haiingii ikiwa baridi. Chuma lazima kitanuke kwanza. Bibiane alilalamika juu ya sufuria yake. Floribert akacheka. Aliikamata pistoni kwa kitambaa, akaiunganisha na mkono wa injini, pini ikaingia tii kama kidole katika asali. Akaweka vishikizo. Akapaka mafuta ya mbarika, maana mafuta ya injini hayakupatikana tena. Akazibana pete kwa kucha, akateremsha silinda.

Juu ya kila pistoni ya namna hii kuna mshale mdogo uliochorwa kiwandani. Mshale unatazama mbele, upande wa mabomba. Ukiugeuzia nyuma, ncha za pete zinanasa katika matundu ya silinda na injini inajivunja. Hilo Floribert alilijua kabla hajajua kunyoa. Aliuweka mshale mbele. Akauangalia mara mbili. Akafunga kichwa cha silinda, nati nne, kwa msalaba.

Likabaki tundu la buji.

Akachuchumaa pale muda mrefu. Nilimwona kutoka ukutani kwangu, nikadhani anaomba. Aliinama mpaka midomo ikakaribia chuma. Akainuka. Akainama tena. Hakuweza. Alijua yeye siye mwenye mali, na alijua pistoni ile ilinunuliwa kwa kitu gani.

"Bibi," akaita. "Kuja kidogo."

Bibiane akaja anafuta mikono.

"Puliza hapa. Mara moja tu."

"Mi? Juu ya nini mi?"

"Mavumbi. Niko na kikohozi, nitatia mate ndani."

Akacheka, masikini. Alipiga magoti kwa shida, tumbo likagusa tangi. Akaweka midomo kwenye tundu, akapuliza.

Nilisikia pumzi inaingia. Sikuisikia inatoka.

Alipoinuka alikuwa na duara jeusi kuzunguka midomo, masizi ya injini. Akaosha kwa sabuni. Akaosha kwa jivu. Jioni bado lilikuwapo, na Jumapili alikwenda nalo kanisani.

Alhamisi hiyohiyo Jawa iliwaka kwa kiki ya kwanza. Vijana wote wa barabara walikuja, wakampigia makofi. Sauti yake ilikuwa tamu, bila mkwaruzo. Lakini moshi ulipotufikia, mtu mmoja alitema mate. Kisha mwingine. Nami nikatema. Ulimi wangu ulijaa uchungu mkali, ule unaokaa kooni hata ukinywa maji. Kila aliyewahi kuugua malaria anaujua.

Moshi ulikuwa na ladha ya kinini.

Injini mpya, ikishapata moto mara ya kwanza, unaiacha ipoe, unafungua kichwa, unatazama. Ndio utaratibu. Ijumaa asubuhi Floribert akafungua. Mshale ulikuwa unatazama nyuma.

Alikaa chini. Pistoni haiwezi kugeuka. Imeshikwa na pini, pini imeshikwa na vishikizo, na mkono wa injini hauzunguki. Afadhali uniambie mtu amegeuza kichwa chake usingizini akaamka anatazama mgongo wake. Floribert akafungua kila kitu, akaigeuza pistoni, akafunga. Akawasha robo saa. Akafungua.

Nyuma.

Akaigeuza pikipiki nzima, uso uelekee ukuta wangu. Akaweka mshale mbele kwa mara ya tatu. Akawasha, akangoja, akafungua. Mara hii mshale ulikuwa umelala kwa ubavu, kushoto. Hapo ndipo alipoelewa. Alisimama, akatazama kule mshale unakoonyesha, juu ya mabati ya nyumba, juu ya mnara wa kanisa. Kule kulikuwa stesheni.

Pete hazikuvunjika. Injini iliimba tu, na Floribert akaamua kutofungua tena. Bibiane hakumwuliza kitu. Chakula kilikuwa kimeanza kumwia chungu mdomoni, bukari, mboga, hata sukari. Jumatatu ya pili alilala mchana kwa sababu ya kizunguzungu, akaingiza mkono chini ya mto.

Akatoka nje na kile kichupa.

"Flori. Ulisema ulipelekea ule mutoto kinini."

Floribert alikuwa anafunga kamba ya breki. Hakuinua kichwa.

"Hii ni nini?"

"Ni yako. Ya mimba."

"Nahesabu kumi."

"Ndiyo, njo vile. Kumi."

Bibiane akakaa kwenye ngazi ya mlango. Akaongea polepole, kama mtu anayesoma barua ya mtu mwingine. "Basi mutoto wa mwenzangu alikufa juu ya wangu. Na weye ukanipulizisha mule ndani."

"Usiseme mambo ya buloji, ya uchawi, kwa mchana."

"Mi sisemi buloji. Nasema weye."

Uchungu wa uzazi ulimkamata Jumatano, saa nne asubuhi, jua limesimama wazi. Mapema mno, lakini chupa ya maji haikupasuka. Alikataa kupanda Jawa. Alinyoosha mikono kwangu juu ya ukuta, nami nikamwambia, panda mama, kigari umekwisha kukiona. Nasema ukweli wangu: mimi pia nilimsukuma.

Floribert akakaa mbele, Bibiane nyuma. Tumbo lilikuwa katikati yao, gumu, lina joto, likimgonga mgongoni. Mtoto alikuwa anacheza. Kila teke Floribert alilipata katika uti wa mgongo, na kila teke alisema moyoni: yupo. Jawa ikashuka barabara ya Kikula kwa mwendo wa harusi. Watu wakapisha.

Njia ya hospitali inapita karibu na stesheni, halafu inakata kulia.

Jawa haikukata kulia.

Floribert aliinamisha mpini kwa nguvu. Ulikuwa kama mpini uliofungwa kwenye mwamba. Akaachia mkono wa mafuta. Sauti ikapanda. Akakanyaga breki, kamba ikakatika. Akapapasa chini, akafunga bomba la tangi. Injini ikaendelea. Akashika waya wa buji, akaung'oa. Ukaning'inia mkononi mwake, mkavu, hauna cheche.

Injini ikaendelea.

Wakaingia kwenye njia ya mawe kando ya reli.

"Flori," Bibiane akanong'ona shingoni mwake. "Kuko mutoto analia."

"Ni upepo."

"Hapana. Iko chini yetu."

Akasikia naye. Kilio chembamba. Kilitoka na kila pigo la pistoni. Kilipanda ilipopanda. Kilishuka iliposhuka.

Teke moja mgongoni.

Halafu kimya.

"Flori."

"Shikilia."

"Flori, napata baridi."

Mikono yake ilikuwa imemzunguka kiunoni. Sasa ilimzunguka zaidi. Vidole vilikutana mbele. Floribert akahisi kifua cha mkewe kinalala mgongoni mwake. Chote. Kisha tumbo lake. Bapa. Hapakuwa na kitu katikati yao.

Jawa ikazima yenyewe.

Walikuwa pale wanapogeuzia vichwa vya treni. Mbele yao kulikuwa na vilima vidogo vya udongo, kama matuta ya viazi, kila kimoja na kopo au kipande cha bati. Mchana mweupe. Wafanyakazi wawili wa reli walikuwa mbali, wanakula. Floribert akagusa silinda kwa kiganja. Injini iliyopiga mbio vile ingemchuna ngozi. Ilikuwa baridi kama ya asubuhi.

Bibiane alisimama, akashika kitenge chake mbele. Kitenge kilikuwa kikavu. Hakuna damu. Hakuna maji. Akajishika tumbo kwa mikono yote miwili, akajipapasa kama mtu aliyepoteza ufunguo.

Hakulia. Alimwuliza tu, "Uko naye weye?"

Hospitali walifika kwa miguu. Mkunga Julie alimlaza, akamshika, akampima juu na chini. Akamwita Floribert kando.

"Papa, muke yenu haikubeba mimba. Tumbo iko kama ya binti."

Floribert akampa karatasi ya kliniki. Julie akaisoma. Ilikuwa ya wiki mbili nyuma: miezi saba, moyo wa mtoto unasikika vizuri. Mwandiko ulikuwa wake, sahihi ilikuwa yake. Aliigeuza nyuma, akaigeuza mbele, kisha akamrudishia kwa ncha za vidole viwili.

"Muende ku basali, ku bachungaji," akasema. "Mi sikubaona ninyi."

Jawa tuliisukuma sisi majirani kuirudisha uani, siku ya pili, hakuna aliyekubali kuikalia. Floribert akaifungua mbele yangu, saa tano asubuhi, jua likimulika moja kwa moja ndani ya silinda. Uso wa pistoni ulikuwa na masizi meusi, laini, kama unavyotakiwa kuwa. Juu ya masizi kulikuwa na unyayo. Unyayo wa kushoto, wa mtoto asiyetimiza miezi, kutoka ukingo mpaka ukingo, umeenea sawasawa kama uliochongewa. Vidole vitano. Hata mikunjo ya ngozi ilionekana.

Floribert akachukua kitambaa. Mkono wa Bibiane ukamzuia.

"Usifute," akasema. "Funga."

Tangu siku ile haijawashwa. Tangi ni kavu, tundu la buji limezibwa kwa kizibo cha chupa. Wachungaji watatu waliombea ule uwanja. Mmoja alimaliza sala akiwa barabarani. Floribert alitaka kuitupa ile injini mtoni, akaibeba mpaka getini, na Bibiane akalala chini mbele ya geti. Hawasemezani. Bado wanaishi nyumba moja. Bibiane anaamka na kuifuta Jawa vumbi kila asubuhi, na lile duara jeusi liko mdomoni mwake hadi leo, nenda ukaangalie kama unadhani nachonga.

Mara moja kwa mwaka, mwezi wa saba, anamlazimisha afungue.

Mwaka wa pili unyayo haukuenea. Kisigino kilikuwa kimekatwa na ukingo wa chuma. Bibiane alipima kilichobaki kwa kijiti cha ufagio, akaongeza kidogo kwa jicho lake la mama, akaenda Kikula sokoni kuchagua viatu. Mwaka wa tatu alichagua vikubwa zaidi. Floribert alinywa siku nne.

Mwaka jana Floribert aliniomba nije nimshikie kichwa cha silinda, na ninyi mnajua mimi siogopi. Alifungua nati nne. Tukainama. Pale juu vilibaki vidole vitano tu, vimejipanga ukingoni mwa pistoni, vinene, vya mtoto wa kukimbia. Sehemu nyingine yote ya mguu ilikuwa nje ya chuma.

"Amekuwa mukubwa," Bibiane akasema nyuma yetu.

Nilirudi nyuma hatua moja nipate hewa, nikatazama chini nisikanyage spana. Uwanja ulikuwa umefagiliwa asubuhi ile, mchanga una mistari ya ufagio, hakuna aliyepita. Karibu na mlango wa chumba wanacholala kulikuwa na alama moja. Kisigino. Kidogo, cha duara, kimezama sana, bila vidole mbele yake.